Nyuzi za Lusangi na saa ya hesabu

Jumatano, Kasongo. Mvua imenyesha tangu asubuhi na hasira yangu haijapoa.

Leo nimempiga mwalimu. Naandika mwenyewe kabla mtaa haujaanza kusimulia.

Wiki iliyopita shule ilituagiza wazazi wa wasichana tulete nyuzi za kufuma, eti za kazi za mikono. Nilifurahi. Nikapanda pikipiki hadi Lusangi kwa mama mmoja anayelima pamba nyuma ya nyumba na kuisokota mwenyewe, maana nyuzi za dukani zinakatika ukizitazama tu. Nilijivunia kununua kitu cha kwetu. Binti yangu Sifa akaenda shule na bunda zima.

Hakuna aliyeniambia kwamba wasichana wanafuma barazani saa ileile wavulana wanafundishwa hesabu.

Leo Sifa aliziacha nyuzi barazani, akaingia darasani, akakaa. Mwalimu akamwamuru atoke. Hakutoka. Mwalimu akamchapa vidoleni mpaka ngozi ikapasuka, kisha akamtupia nyuzi ajifutie damu. Amerudi nyumbani amekumbatia bunda langu, jekundu.

"Mama, sikulia," aliniambia. "Lakini ile hesabu sikuona mwisho wake."

Sikungoja mvua ipungue. Nilimkuta mwalimu ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, anakunywa chai. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama, mutoto mwanamuke atafanya nini na hesabu? Bwana yake ndiye atamuhesabia."

Fimbo ilikuwa mezani. Niliichukua nikamchapa nayo vidoleni, tena na tena, kikombe kikapasuka, chai ikamwagika. Fimbo ilipovunjika nikamkaba shati. Prefe ndiye aliyenivuta nje.

Nilisikia raha. Bado naisikia, na inanitisha.

Prefe ametoa neno lake: kesho niombe msamaha mbele ya darasa, la sivyo Sifa anafukuzwa. Nikamuuliza, nikiomba, mtoto atakaa kwenye hesabu? Kupitia mlangoni alitazama vipande vya fimbo sakafuni, akamtazama mwalimu.

"Atakaa," akasema.

Nimezifua nyuzi. Damu haijatoka yote. Sifa anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na anakasirika kila inapomponyoka. Amenirithi.

Kesho nitaomba msamaha. Kisha nitavuta kigoda hadi mlangoni pa darasa, nikae nikifuma kwa nyuzi hizohizo mpaka saa ya hesabu iishe.

Sindano zangu ni za chuma.