Nilimtuma Mdogo Wangu Akapigwe Picha ya Jicho Langu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumatano haijafika, maana hapa nilipo hata kazi haiendi, nimekaa mbele ya cherehani kama mgeni.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na minne, mtaani wananiita Jicho kwa sababu sijawahi kuvaa miwani na sindano naitia uzi huku naongea na mteja. Mwanangu wa kwanza alioa mwaka juzi, mkewe anafanya kazi kliniki ya macho, anapiga picha za nyuma ya jicho, kule ndani kabisa ambako mishipa ya damu inaonekana, na nitasema ukweli kwa kuwa hunijui: nilikuwa nawaambia watu kwamba kazi ya mkwe wangu ni kubonyeza kitufe, naye alisikia.

Basi kliniki yao wakaanza utafiti, wakawa wanatafuta watu wa umri wetu wapigwe picha, waone mishipa ya jicho imekaaje, ipi imevimba, ipi inavuja. Mkwe akaniambia, "Mama, njoo, wewe unasifika kwa macho." Sifa zikanipanda kichwani, nikaenda nimejifunga kitambaa kipya kana kwamba picha yenyewe ni ya kutundika ukutani. Wakanitia matone, mboni zikapanuka, mashine ikamulika pa! nikadhani yameisha. Kumbe wapi. Mkwe aliitazama ile picha, akaitazama tena, kisha akasema kwa sauti ya kazini, si ya nyumbani, "Mama, mimi si daktari, lakini daktari atataka kukuona." Daktari akanionyesha vidoa vyekundu, akasema mishipa midogo imevimba kama shanga na mingine inavujisha damu kidogo, nipimwe sukari na presha, nirudi baada ya wiki mbili kwa picha nyingine.

Nilitoka pale nimefura, maana naona vizuri, siumwi popote, halafu naambiwa jicho linavuja? Nikajiambia huyu binti ananilipizia lile neno la kitufe, na picha za siku hizi kila mtu anajua zinachezewa, kwa hiyo sikupima sukari wala presha. Lakini chini ya hasira, mshauri, kulikuwa na woga, maana nina oda ya sare za shule nzima, na ikivuma kwamba Jicho macho yake mabovu, nani ataniletea kitambaa?

Sasa, mdogo wangu anayenifuata tunafanana mpaka mume wangu amewahi kumkaripia akidhani ni mimi. Nikampa kadi yangu ya kliniki, nikampanga aende siku ambayo mkwe hayupo zamu, apigwe picha kwa jina langu. Akaenda, akaitikia jina langu bila kugugumia, na njiani kurudi, mboni zikiwa bado zimepanuka na kila kitu kinamwaka, akamsalimia mwanamume wa watu kwa bashasha na kumshika mkono akidhani ni shemeji yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na picha ikatoka safi kabisa.

Jumamosi mkwe akaja nyumbani na mfuko wa matunda, akasubiri mpaka baba mkwe wake ametoka, ndipo akaniuliza, "Mama, mama mdogo hajambo?"

"Hajambo. Kwa nini?"

"Nimeona jicho lake kazini."

Akanieleza polepole kwamba mishipa ya nyuma ya jicho hujigawa kwa namna yake kwa kila mtu, hata mapacha hawalingani, na alipoziweka zile picha mbili pamoja hakuna tawi hata moja lililokutana na mwenzake. Akasema Jumatano lazima amwambie daktari, maana daktari ameanza kufurahi kwamba kuna mgonjwa amepona bila dawa. Nami nikamwambia, na hili ndilo linaloniuma, "Ukifungua mdomo wako, mimi na wewe basi." Akasimama, akaaga kwa adabu, akaondoka. Matunda yako mezani, hakuna aliyeyagusa, mwanangu anapiga simu kuuliza kulikoni, sipokei. Nimnyamazishe vipi huyu binti, au niende nikaaibike mbele ya madaktari?

Jicho, fundi cherehani

JIBU

(Jibu hili nilimtumia kwa simu siku ileile aliponiandikia, kwa kuwa Jumatano haisubiri gazeti.)

Dada Jicho,

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Nilicheka ulipojifunga kitambaa kipya kwa ajili ya picha ya nyuma ya jicho. Niliacha nilipofika pale ulipomtishia binti aliyekuja kukusaidia na zawadi mkononi.

Tuanze na hicho unachokiita kisasi. Mtu wa kisasi angekuumbua mezani, mbele ya mumeo na mwanao. Huyu alisubiri mzee atoke. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa daktari, akaja kwako kwanza. Na huyo ndiye mbonyeza kitufe? Kitufe gani hicho kinachomtambua mama mdogo kwa mishipa yake ya damu?

Nimemuuliza daktari wa macho ninayemwamini. Anasema nyuma ya jicho ndipo mishipa midogo ya damu inapoweza kutazamwa bila kumchana mtu. Sukari au presha ikikaa mwilini huweza kuiharibu mishipa hiyo taratibu, bila maumivu, huku mwenyewe anaona vizuri tu na kujisifu. Ndiyo maana wanapiga picha. Ukiwahi, mara nyingi macho hulindwa. Ukichelewa, hakuna mdogo wako atakayekuazima la kwake.

Woga wako ninauelewa, dada yangu. Anayekula kwa macho yake ana haki ya kuyaogopea. Ila umemtuma mwingine akapimwe, na ugonjwa, kama upo, umebaki nao wewe nyumbani.

Sasa nisikilize vizuri. Leo hii nenda mpaka mlangoni kwa mkwe wako. Usipige simu, usimtume mumeo, na tafadhali sana usimtume mdogo wako. Mwambie "nisamehe" na ukomee hapo. Ukiongeza "lakini" umeharibu. Jumatano mtangulie kwa daktari, useme kwa mdomo wako kwamba picha ya pili si yako, maana majibu ya utafiti huo yatatumika kutibu watu usiowajua. Huyo mdogo wako afuatane nawe, ni mtu mzima, aombe radhi kwa jina lake mwenyewe. Sukari na presha pima siku hiyohiyo, kabla hujapata nafasi ya kubadili mawazo. Sare gawana na fundi mwenzako. Na simu ya mwanao, pokea!

Mshauri

BAADA YA WIKI MBILI

Mshauri, sukari ipo, presha iko sawa, jicho lipo. Daktari amesema mishipa bado haijafikia kutibiwa yenyewe, nishushe sukari, nimeze vidonge bila kuruka siku, nipigwe picha kila baada ya miezi michache. Nilipomweleza ukweli alinikazia uso, akageukia ukutani, nikaona mabega yanatikisika. Picha ya mdogo wangu wameiondoa kwenye faili langu, naye ameomba kuingia kwenye utafiti kwa jina lake, sasa hatumwezi, kila anayekutana naye anaambiwa kwamba macho yake ni ya mfano.

Kwa mkwe nilikwenda siku ileile uliponijibu. Nilisema nisamehe nikakomea hapo, ingawa hiyo "lakini" ilinifika kwenye meno. Akaufungua mlango wote, akanivutia kiti.

Lakini mshauri, nikusimulie ya Jumatano. Picha ilibidi irudiwe, na zamu ilikuwa yake. Chumba kina giza kidogo, yeye na koti lake jeupe, kadi yangu mkononi. Kwa sauti ileile ya kazini akauliza, "Jina lako kamili?"

Nikalitaja lote, na la babu yangu nikaweka.

Akaniangalia, akaiangalia kadi, akaniangalia tena. "Una uhakika?"

Hapo akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, mpaka mgonjwa aliyekuwa akingoja nje akachungulia kuuliza kama mle ndani ndimo wanamopima macho. Tulipotulia akafuta machozi yake, akafuta na yangu kwa karatasi laini, maana machozi yanaharibu picha, akanishika kidevu akakiweka mahali pake.

"Haya, usipepese," akasema.

Sikupepesa.