Shali ya Kashmiri Uliyomletea Mama

Mdogo wangu Akoth,

Najua huko uliko ni baridi. Picha yako ya juzi kutoka Kashmiri ilionyesha theluji mpaka dirishani. Hapa Oyugis jua linawaka na cherehani yangu haipumziki. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungecheka, nami ningecheka nawe, kisha nisiseme. Nina wivu nawe.

Unakumbuka veranda yetu kule Magunga? Nilikukalisha mbele yangu nikakushikisha sindano, tukidarizi vitambaa vya viti vya mama, yale maua mekundu. Ukijichoma, ulininyooshea kidole nikipulize. Ulisema, "Dada, mimi nitashona kama wewe." Nilifurahi sana. Sikujua kwamba hilo lingekutosha kwa muda mfupi tu.

Ukaenda India kusomea uuguzi. Kila likizo ukawa unaandamana na rafiki yako hadi kwao Kashmiri, na mama yake akakufundisha kazi ya mikono ya kwao. Ulinisimulia mpaka sikio likawa moto: sufu laini inayochanwa kutoka kwa mbuzi wa milimani, wanawake wanaoisokota kwa gurudumu la mkono, maua yanayogongwa kwa muhuri wa mbao kwanza ili sindano ifuate alama. Kila habari uliianza na "Mama anasema."

Nikakuuliza, "Mama yupi?"

Ukajibu, "Wa huku."

Akoth, neno hilo lilinichoma kama mwiba wa samaki ngege.

Krismasi ulikuja na shali. Mama akaivua sweta niliyomfumia mimi, akaikunja, akaitia sandukuni. Jumapili kanisani wanawake walimzunguka, wakawa wanaigeuza geuza ile shali.

"Sasa ndani ni wapi na nje ni wapi? Mbona pande zote ziko sawa? Ni nani amekushonea?"

"Nyara Akoth," mama akajibu, akitamka "binti yangu" kana kwamba amezaa mmoja tu. Nami nilikuwa nimesimama papo hapo, na nusu ya wale wanawake walikuwa wamevaa nguo nilizowashonea mimi.

Uliporudi masomoni, msumari wa benchi la kanisa uliirarua begani. Mama alikuja dukani kwangu ameifunga ndani ya leso.

"Adhiambo, nitengenezee. Na usimwambie mtoto, atalia."

Niliitandaza magotini. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijaitazama kwa karibu; nilikuwa nimekataa. Nikatafuta fundo, mahali ulipoanzia uzi au ulipomalizia. Nikaigeuza, nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Sikuona. Nyuzi zilikuwa nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga, na kila ua ulikuwa umelitia kivuli kwa rangi mbili zilizokaribiana mno hata nilifikiri ni moja. Niliwaza jinsi ulivyoinama juu ya kitambaa hicho miezi mingi, kwenye baridi hiyo. Hapo nikaacha kumwonea wivu yule mama wa huko. Nikaionea mikono yako, na huo ndio unaouma zaidi.

Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Mwishowe likatoka jani moja la kuziba tundu, nene kidogo. Mama aliligeuza, akayaona mafundo yangu kwa nyuma, akacheka.

"Aii, hii ni yako kabisa."

Jumapili iliyofuata aliivaa shali, bega lile likiwa mbele. Sijui alifanya hivyo makusudi kwa ajili yangu au hakuona tu. Niliogopa kumuuliza.

Akoth, ukija tena usiniletee shali. Ya kupewa sitaivaa. Njoo ukae nami dukani, unionyeshe polepole jinsi uzi unavyoingia bila fundo. Nitakosea. Nitakasirika, nitakwambia unajidai, pengine nitakufukuza.

Usiondoke.

Dada yako mkubwa,
Adhiambo