Mama Mkwe Anamngoja Mwana wa Mfua Kengele

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, nisaidie, maana nimekwama. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pamoja na mama mkwe wangu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, yeye macho yake yameingia ukungu, ni mtoto wa jicho, ila vidole vyake bado vinaona, kwa hiyo mimi napiga mashine na yeye anashona pindo na kutia vifungo kwa kupapasa, na kila alasiri mashine ikishanyamaza ikabaki kazi yake ya mkono, mimi humsomea kitabu.

Si kitabu cha kawaida. Ni vile vitabu vinene vya falme ambazo hazipo duniani, vyenye ramani ukurasa wa kwanza, kila mlima una jina, kila mto una jina, hata farasi wana ukoo wao, na vinakwenda juzuu saba. Mama ndiye aliyemfundisha mwanawe kupenda kusoma, na macho yake yalipofifia mwanawe akavileta hivi vitabu nyumbani akawa anatusomea, akibadilisha sauti, majitu yakiongea vifungo vinatikisika mezani, na mama anacheka mpaka anajichoma sindano. Tulikuwa juzuu ya tatu alipoondoka kwenda ng'ambo kutafuta kazi. Juzuu nzima ya nne alikuwa akipiga simu. Juzuu ya tano simu ikawa haipatikani, mpaka leo haipatikani, na mimi nikaendelea kusoma kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Majirani wananiuliza, mtu mzima na kazi zake anatafuta nini kwa majitu na panga za moto. Shangazi, nitakwambia. Kule mtu akiondoka, njia aliyopita imechorwa, unaweka kidole kwenye ramani unasema yupo hapa, na akipotea juzuu ya pili, basi juzuu ya nne mchunga mbuzi atamkuta porini na habari zitafika kwao. Hakuna anayesahauliwa. Huku kwetu mtu anapanda gari asubuhi, anapunga mkono, basi. Natamani ile ramani, Shangazi.

Sasa humo kitabuni yumo kijana anayeitwa Mwana wa Mfua Kengele, aliyeondoka kwao kwenda kulizuia giza mlimani, na tangu siku hiyo mamake hafungi lango. Mama mkwe amemchukua kijana huyo kama wa kumzaa. Akisikia amevuka mto salama, siku hiyo anakula vizuri. Hospitali wamesema akifanyiwa upasuaji ataona, ila asichelewe, naye amegoma, anasema cha kwanza kukiona anataka kiwe uso wa mwanawe, na mwanawe atafika tu, kwani Mwana wa Mfua Kengele naye si yuko njiani?

Sasa tuko juzuu ya saba, na balaa ni kwamba nimechungulia mwisho. Harudi. Anabaki mlimani kuulinda mlango wa giza maisha yake yote, na mamake, mzee sasa, siku moja analifunga lango, anaingia ndani, anawasha moto. Niliyasoma hayo nimesimama jikoni, chai ikachemka mpaka ikazima jiko.

Tangu hapo sijathubutu. Nafungua kitabu, naukodolea macho ukurasa, natunga yangu kichwani. Nimemvusha kijana wa watu mito mpaka mito ya kwenye ramani imeniishia. Nimemwangusha farasini, nimemuuguza, nimempa mwenyeji mwenye maneno mengi asiyemruhusu kuondoka. Mama anasikiliza tu. Juzi akaniambia, "Mwanangu, geuza basi hata ukurasa mmoja, mkono usije ukafa ganzi," nikageuza haraka haraka, maana ana huruma sana mama huyu. Nikimsomea mwisho wa kweli atakata tamaa na macho yatapotea, nikitunga kwamba kijana amefika, atahamia mlangoni kumngoja mwanawe. Mume wangu angejua la kufanya. Nishike lipi?

Fundi wa Sare

Shangazi anajibu: Fundi wa Sare, kwanza umeniharibia juzuu ya saba, na mimi ndiyo kwanza niko ya tano. Nimekusamehe kwa sababu umeniliza kazini, tena mbele ya mhariri.

Sasa nisikilize. Mwanamke anayeshona pindo kwa kupapasa ana masikio makali kuliko mkasi wako. Alikwambia ugeuze ukurasa kwa sababu ana siku nyingi hajasikia karatasi ikigeuka. Anajua unatunga. Anakuacha utunge, na huruma unayoisifia anakuonea wewe.

Barua yako nimeirudia. Mwanawe, mwanawe, kila mstari mwanawe, utadhani aliyeondoka alikuwa mpangaji wa mama mkwe wako. Nimefika chini kabisa ndipo nikagundua kumbe ni mumeo. Ni nani hasa asiyetaka kitabu hiki kiishe?

Kuzipenda falme hizo si kosa, na anayekucheka mpe juzuu ya kwanza, atanyamaza mwenyewe. Sote tunaozisoma tuna mtu tunayemtafuta humo. Lakini yule mama wa kitabuni alingoja juzuu saba, akapewa moto wake wa kuota, na wewe umemzuia kuuwasha.

Kesho mashine ikinyamaza, kaa ubavuni kwake. Msomee kurasa za kweli, polepole, na karatasi aisikie. Ukifika langoni usiruke kitu. Lieni, vifungo vitasubiri. Kisha mwambie hivi, bila kuongeza chumvi: "Mama, mimi pia namngoja. Namngoja mume wangu." Halafu nendeni pamoja kwenye ofisi inayoshughulikia watu wetu walioko ng'ambo mkatoe taarifa, kwa sababu mumeo si wa kungojwa tu, ni wa kutafutwa, na hilo hakuna mchunga mbuzi atakayewafanyia.

Ukitoka hapo, mshike mkono mpaka hospitali. Akileta ule wimbo wake wa uso wa kwanza, mwambie mwanawe akirudi atapenda kuonwa angali mbali. Siku ya kufunguliwa bandeji simama mbele yake wewe. Na mkifika nyumbani mpe juzuu ya kwanza asome yeye, umsikilize. Pindo utashona wewe, na ukilia hatakuona, atakuwa anatazama ramani.