Sifuri Niliyompa Sabra

Lushoto,
Jumapili, 12 Mei 2024.

Mpendwa Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Mnaendeleaje na joto la Tanga? Mguu wa wifi Beatha umepona? Huku tu wazima, ila mvua haijatuacha na Mama analalamikia magoti. Anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijasema. Mwezi uliopita nilikulaumu kwamba vipimajoto vinne ulivyolinunulia darasa langu la sita ni vibovu. Nisamehe, Kaka. Ni vizima vyote.

Siku ile tulichemsha maji darasani ili watoto wapime yanachemka kwa nyuzi ngapi. Kitabu kinasema mia, na makundi matatu yaliandika mia. Katika kundi la nne binti mmoja, Sabra, aliandika tisini na tano, tisini na tano na nusu, tisini na tano. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia hajui kusoma kipimo, nikamchorea sifuri kubwa. Alisema tu, "Mwalimu, nimeangalia mara tatu. Hakipandi zaidi ya hapo." Nikamwambia akae. Jioni sikuwa na raha, ndipo nikakupigia kukulaumu wewe, ilimradi kosa lisiwe langu.

Ijumaa iliyopita niliwapa rula wapime madawati. Sabra hakupima. Alichungulia daftari la mwenzake akaandika kilichoandikwa mle. Nilitoka nje, Kaka, nikasimama nyuma ya jiko la shule kwa aibu.

Jana nikachemsha maji nyumbani, nikatumbukiza vipimajoto vyote vinne. Vilitofautiana kwa nusu tu, na hiyo ni kawaida, macho hayawezi kusoma sawasawa kila mara. Lakini hakuna kilichofika hata tisini na sita. Nikafunua kitabu kurasa za mbele: mia ni ya usawa wa bahari, ukipanda milimani maji huchemka kabla ya hapo. Na mimi nimezaliwa Mgwashi, hukuhuku milimani! Mama kila akija kwenu hushangaa maharage yanavyowahi kuiva, nami sikuwahi kujiuliza. Waliopata vema walinakili kitabu, na niliwapigia makofi.

Jirani yangu Rehema anashuka Tanga kesho, atakuletea kipimajoto kimoja, kilekile cha Sabra. Chemsha maji, upime mara tatu, na wifi naye asome. Andikeni mnachokiona, hata kisipofika mia. Tafadhali usiandike mia kwa kunihurumia. Kisha tia majibu kwenye bahasha, uifunge, unirudishie.

Kesho nitamwomba Sabra radhi mbele ya darasa. Nimejaribu kuyasema maneno hayo peke yangu jikoni, nikaishia katikati. Nimekuandikia ili nisipate pa kurudia nyuma.

Msalimie wifi, na umwambie Heri shangazi yake anamkumbuka. Mungu awape afya na awalinde nyumbani kwenu.

Bahasha ikifika sitaifungua. Ataifungua Sabra na kuwasomea wenzake, nami nitakuwa nimekaa kwenye dawati lake.

Mdogo wako akupendaye,
Efrazia