Mgeni wa Kwenye Ukurasa Wetu

Hirtshals, Jumapili, baada ya kuosha vyombo

Dada yangu Ellinor,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Mimi mzima, mume wangu Preben mzima isipokuwa goti, ambalo analilalamikia kama yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kuwa na goti. Wewe je? Kile kifua cha majira ya baridi kimekuachia? Upepo wa huko Esbjerg naujua, unamfuata mtu mpaka chumbani. Tangu tugombanie kabati la mama hatujaandikiana wala kupigiana simu hata ya Krismasi, lakini leo sikuandikii habari ya kabati. Likae huko huko kwako. Nina habari nyingine, na si unanijua, lazima nianzie mbali.

Kwanza, mdogo wako anasoma. Cheka kabisa, halafu uendelee. Kiwanda cha samaki kilipofungwa, watu wa halmashauri waliniita wakasema, kwa mdomo huo na roho hiyo, nenda chuo cha kuhudumia wazee. Mimi huyo, niliyetoka shuleni mapema nikaenda kupasua samaki! Darasani wote ni vijana ambao ningeweza kuwazaa, na mwalimu wetu Asger naye ndevu bado zinajiuliza kama zitoke.

Huyo Asger hatumii kitabu. Alisema kitabu tutakiandika wenyewe, kwenye mtandao. Kafungua ukurasa, na kila mmoja anaingia anaandika anachokijua: namna ya kumgeuza mtu kitandani, namna ya kumwogesha bila kumwaibisha. Nikiandika mimi, mwingine anaingia ananirekebisha, mwingine anaongeza lake, na hakuna wa kusema hiki changu. Tena kauacha wazi, ili hata ndugu wa wazee waingie, maana wao ndio wanaowajua. Ukiingia bila kujiandikisha, jina lako linatokea "Mgeni", basi.

Mwanzoni nilikuwa naogopa, herufi zangu unazijua, zinatembea kama mabaharia waliotoka baa. Asger akaniambia niandike kama ninavyoongea, wenzangu watanyoosha. Kumwambia hivyo mtu kama mimi, dada, ni kufungua bomba na kuondoka. Niliandika mpaka wale watoto wakawa wanafungua simu asubuhi kwenye basi, wanaulizana Birthe kaandika nini leo.

Sasa sikia balaa. Tulipelekwa kujifunza kazi kwenye nyumba ya wazee, na mle kuna mzee Valdemar, baharia wa zamani. Huyo mzee kila akila anaficha chakula ndani ya foronya, mkate mweusi, kipande cha samaki wa siki, chochote. Mto unanuka kama gati. Mimi nikaona mkasa huu mtamu mno kuuacha. Nikauandika wote, na jina lake, na la binti yake Merete, namna anavyofika kaziba pua, anamnyang'anya baba yake mkate huku mzee ameng'ang'ania mto. Kwangu ilikuwa kama kuongea tu mezani kwenye kahawa. Nikasahau kwamba hiyo meza imewekwa katikati ya barabara. Na tulishaapa, dada, mambo ya wazee hayatoki nje.

Jirani yake Merete akausoma ule ukurasa, akampigia. Merete naye akampigia mkuu wa chuo. Asger aliponiita alikuwa mweupe kuliko karatasi. Hakunizungusha, alisema naweza kutolewa chuoni, na ukurasa wenyewe unaweza kufungwa, watoto wote wapoteze kazi yao kwa ajili ya mdomo wangu. Nikarudi nyumbani nikakaa na koti mwilini. Preben akaanza kumenya viazi, na haikuwa zamu yake.

Nikuambie ukweli, sijawahi kupenda kazi kama hii. Kuna bibi mmoja pale hamjui hata mwanawe, lakini nikiingia asubuhi anatabasamu. Huko kiwandani nimeshika samaki nusu ya maisha yangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitabasamia. Nilikuwa nimepata kitu, nikakichafua mwenyewe.

Basi tukakutana. Sisi watu wa huku hata kumfukuza mtu lazima kahawa imiminwe kwanza, kwa hiyo tukakaa na vikombe vyetu, mkuu wa chuo, Asger, Merete na mimi. Mkuu akasoma kiapo chetu cha siri, pole pole, nikatamani anipigie kelele nijue moja. Halafu Asger akageuza kompyuta watu wote waone. Kumbe ule ukurasa hausahau kitu, ya zamani yamelala chini ya mapya, unaweza kuyafunua. Akaonyesha maneno yangu. Nilitaka kuingia chini ya meza. Kisha akaonyesha kwamba jioni ile ile niliyoandika, Mgeni aliingia. Kaondoa jina la mzee, kaondoa la Merete, kaondoa na ile pua iliyozibwa. Kaacha "mzee mmoja" tu. Na chini yake kaongeza maneno haya, nimeyanakili:

"Usimpokonye. Mwekee kisahani kando ya kitanda, kipande kimoja tu, umwambie hiki ni cha baadaye, hakuna atakayekigusa. Na kweli mtu asikiguse mpaka asubuhi."

Merete akazungusha kikombe chake, halafu akasema kwamba baada ya kupiga simu ya hasira alikwenda kuusoma ukurasa mwenyewe, na alichokikuta si kile alichosimuliwa na jirani.

"Jana nilimwekea kisahani," akasema. "Baba amelala mikono iko juu ya blanketi. Sijui lini mara ya mwisho nilimwona amelala bila kuukumbatia mto."

Akauliza nani aliyeandika. Wote wakanitazama mimi, nikasema si mimi, ningependa iwe mimi. Merete akaniangalia sana. Akasema, "Wewe mama, huo mdomo wako hauna mlango. Lakini baba ameuliza yule mwenye kelele kaenda wapi."

Basi nimebaki. Nimeandikiwa onyo kali, ninalistahili, na nikitaja tena jina la mtu natoka siku hiyo hiyo. Ukurasa nao umebaki, ila Asger anasoma kila kitu kwanza kabla ya watu wa nje kukiona. Watoto wa darasani walininunulia keki, wakaniambia nifungue mdomo kwa ajili ya keki tu.

Pale kwenye kikao sikulia, Ellinor. Nililia nje, kwenye baiskeli. Maana hicho kisahani nakijua. Baba alipozeeka na ile njaa ya vitani, yeye na wenzake walipopotea baharini, ikamrudia, akaanza kuficha mkate chini ya shuka, mama alifanya hivyo hivyo, na akasema maneno hayo hayo. Tuliokuwa ndani ya nyumba ile tukiyasikia tulikuwa wawili tu, na mimi sikuyaandika.

Nikambana Jytte, binamu yetu. Nilishamwambia habari za ukurasa, na kumwambia Jytte ni kuiambia Jutland nzima. Akakiri uliomba akutafutie anwani ya ukurasa, na akaapa usingependa nijue. Nikarudi kwenye kompyuta nikafunua ya zamani yote. Kila nilipopita mimi, Mgeni kapita nyuma yangu. Nilipokosea kanyoosha. Nilipochekesha kaacha kama palivyo. Wewe unayesema kompyuta ni takataka! Miezi yote hii ulikuwa umekaa na mimi na hukusema.

Sasa nina jambo, ndiyo sababu ya barua. Asger amegawa sura mpya, na mimi nimepewa ile ya kukaa na mtu anayekata roho. Siwezi. Siku aliyokufa mama mimi nilikuwa zamu kiwandani, nilipofika nilikuta umeshafungua dirisha roho yake ipate kutoka. Tukazika, tukagombania kabati, na sijawahi kukuuliza ilikuwaje. Kama alisema kitu. Kama aliogopa. Kama ulimshika mkono, na upi.

Nimeandika kichwa cha sura, chini nimeacha peupe. Asger nimemwambia angoje. Ingia siku yoyote utakayoweza, andika kidogo au kingi, na jina si lazima uliweke. Nitajua ni wewe.

Preben anakusalimu, na Jytte pia, anaogopa umemkasirikia. Jifunike shingo ukitoka, na majirani zako wote wape salamu zangu hata kama hawanijui.

Mdogo wako akupendaye,
Birthe