Baba, Siku Ile Tulirudi Nyuma

Mpendwa baba,

Shikamoo. Mama hajambo, nami nimemaliza muhula wangu wa kwanza wa sekondari. Ila bibi, mama yako, anaumwa miguu kule Chita. Kila anayekuja Ifakara anamtuma aseme kwamba anataka kukuona. Ndiyo maana ninakuandikia huko kwenye mashamba ya miwa.

Unaikumbuka safari yetu ya baiskeli kwenda kwake, nilipokuwa darasa la tano? Ulitangulia na gunia la mchele kwenye keria, nikafuata kwa baiskeli ya shangazi. Kwenye daraja la magogo ulivusha baiskeli moja moja, kisha ukarudi kunishika mkono. Tukisikia lori la mbao, tulishuka na kusimama kwenye majani mpaka vumbi litulie.

Tulipoipita Idete niliokota tawi bichi katikati ya barabara, nikafunika nalo ndizi zangu zisipigwe na jua. Baadaye sana ukageuka, ukafunga breki.

"Mwanangu, hilo umelitoa wapi?"

Sikujua kwamba tawi likilazwa njiani linaonyesha shimo. Tukageuza. Tukakutana tena na yule mfugaji wa Kisukuma tuliyekuwa tumempita na ng'ombe wake, akakutania kwa kabila lako.

"Vipi, Mndamba, Chita imehama?"

"Chita ipo. Akili ya binti yangu ndiyo imebaki nyuma!"

Mlicheka mpaka nami nikacheka, ingawa niliona aibu. Pale nilipoliokota tawi, maji yalikuwa yamekula nusu ya barabara. Ukalilaza tawi, ukaligandamiza kwa jiwe. Nikakuuliza ni la nani. Ukasema, "La anayekuja."

Baba, ulirudi mwendo wote ule juani kwa ajili ya mtu usiyemjua. Sisi unatujua. Misimu miwili ya miwa imepita hujarudi. Kengele ya baiskeli ikilia nje, mama huacha kupepeta mchele; akiona si wewe, huendelea kupepeta.

Sikulaumu. Natamani tu kuuona mgongo wako mbele yangu tena.

Shule imefungwa. Siku hizi naziba pancha mwenyewe. Jumamosi ijayo naondoka kwenda Chita. Usipofika, shangazi atanisindikiza. Nimempelekea bibi salamu kwamba wageni wake ni wawili. Wa pili sijamtaja jina.

Nakungoja mpaka Ijumaa jioni,
Binti yako