Salamu Ambazo Hazikufika

Kijijini, Jumatatu

Kwako Kaka Mokrane,

Nakuamkia wewe, shemeji na wanao. Baridi ya huko Marsei imepungua? Na kile kifua chako je? Sisi tu wazima, ila nyumba imepwaya tangu tumzike Mama, wiki tatu sasa. Nimetanguliza salamu nisije nikaliwa, unajua mwenyewe.

Jirani yetu Wardia ameniambia kwamba hukuja mazishini kwa kuwa Mama alikufa na kinyongo nawe. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka hadithi yake ya Teryel, lile zimwi jike, na watoto waliokwenda kumwomba moto. Aliyeanza na salamu alipewa kaa, aliyeanza na shida yake akatafunwa. Tulikua hatuwezi kuomba hata chumvi kabla ya kuuliza hali. Kwa hiyo mwaka jana ulipoingia na kusema shamba la mizeituni liuzwe, hata hujamwamkia, Mama alikumiminia kahawa akanyamaza. Iliniuma kuliko kama angekutukana.

Majira haya ya baridi, akiwa hawezi tena kuinuka, binti yangu Dihya alimwomba hadithi ile. Safari hii mtoto asiye na salamu hakuliwa. Zimwi lilimwambia atoke nje, aingie upya. Dihya akalalamika kwamba Bibi anakosea, huyo ni wa kuliwa tu. Mama akamwambia aache ubishi, huyo naye ana mama yake, amesahau tu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama umepiga simu. Nikasema hapana.

Kaka, ulikuwa umepiga siku mbili kabla. Uliniomba nimwambie Mama umekosa, unataka kuja kumwamkia upya, ukangoja nikuletee jibu. Sikumwambia, siku ile wala zile kumi na moja alizobakiza. Uliposhika simu ilikuwa Mama, Mama. Hukuniuliza nimeamkaje, mimi niliyekuwa namgeuza na kumwosha. Nikasema moyoni, na wewe ngoja kidogo uonje. Mama hakuweza kungoja.

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Kinyongo kilikuwa changu, na nakijutia kila nikitandika kile kitanda. Jana nilikwenda kaburini nikampa maneno yako yote kama ulivyoyasema. Yangu yalinikwama.

Dihya anakuamkia. Nisalimie shemeji na watoto. Ukinijibu, usihangaike na salamu. Anza na lolote ulilo nalo.

Mimi mdogo wako,
Tassadit